Pongezi kwa Wainjilisti wa Haneti

Kasisi mmoja huhudumia mitaa kadhaa ya kanisa, na njia za Ugogo wakati wa mvua hazipitiki kirahisi. Ndiyo maana katika vijiji kama vya Haneti, wilayani Chamwino, anayelibeba kanisa siku hadi siku ni mwinjilisti: mkulima wa mtama na uwele kama jirani zake.

Wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers. Hao wameandikwa vitabuni. Mwinjilisti hajaandikwa, nami naona hilo ni deni letu.

Mtazame penye msiba. Hafiki na hotuba. Anasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", anapasua kuni, anakaa na wafiwa mpaka usiku, marehemu awe alibatizwa au la. Kiangazi chakula kikipungua, kibaba chake cha unga hugawanywa na nyumba ya pili. Siku ya mavuno anacheka na kuimba kuliko wote, na watoto humfuata. Swali la imani huja baadaye, tena huulizwa na jirani mwenyewe: mwenzetu, furaha hii unaitoa wapi? Hapo ndipo anapofungua Biblia.

Wema huo una mizizi wilayani: huko Buigiri, Waanglikana walianzisha shule ya wasioona mwaka 1950.

Wainjilisti wa Haneti, hongereni sana. Na sharika zenu ziwakumbuke kwa baiskeli, mbegu na ada za watoto.