Mkono Kifuani: Ishara za Mwili katika Tafsiri ya Maandiko

Watu wa pwani hawasemi kwa ulimi peke yake. Muuza samaki akiombwa kupunguza bei hubetua midomo tu, na mnunuzi amekwisha kujibiwa. Mama atakaye kumwonya mtoto mbele ya wageni humkazia jicho, na mtoto huacha alilokuwa akilitenda. Hata maamkio yetu ya shikamoo kwa asili yake ni tendo la mwili, yaani nashika miguu yako, ingawa siku hizi wengi huyatamka wakiwa wamesimama wima.

Basi mwenye kufasiri kitabu cha watu wa mbali ana kazi mbili. Hana budi kuyafasiri maneno, tena hana budi kuzifikiri ishara za mwili ambazo maneno hayo yanazitaja. Kazi ya kwanza imetendwa kwa uangalifu mkubwa katika Biblia zetu za Kiswahili, tangu siku za Askofu Steere wa Unguja hata ile Union Version iliyotoka mwaka 1952. Kazi ya pili, kwa maoni yetu, bado haijapewa haki yake.

Tutazame habari ya Farisayo na mtoza ushuru katika sura ya 18 ya Luka. Mtoza ushuru asimama mbali, hathubutu kuinua macho, naye ajipiga kifua. Kila neno limefasiriwa sawasawa na Kiyunani, wala hatuna la kulaumu katika sarufi. Lakini kwa Mswahili, kujipiga kifua ni nini? Ni kujitapa. Kijana aliyeshinda mchezo hujipiga kifua; mgombezi atakaye kuwatisha wenzake hujipiga kifua na kusema, "Mimi hapa!" Tena si ishara tu, bali imekwisha kuwa msemo: tukisema fulani ajipiga kifua kwa mali yake, hapana aulizaye kama mkono wake umegusa kifua au haukugusa.

Haya yangekuwa madogo kama yangetokea mahali pengine. Lakini hadithi hii yote imesimama juu ya tofauti ya mwenye kujisifu na mwenye kunyenyekea. Farisayo ndiye ajisifuye, naye hatajwi kuwa alifanya ishara yoyote ya majivuno. Na mnyenyekevu ndiye apewaye, katika masikio ya wasikiaji wetu, ishara ya mwenye majivuno. Katika michezo ya kuigiza ya watoto, mtoza ushuru huweza kuonekana akijipiga kifua kwa ngumi mbili na kichwa juu, kama mpiga ngumi aingiapo ulingoni. Mtoto huyo hakukosa. Ameyatii maneno aliyosomewa.

Twajua tutajibiwa kwamba watu wamekwisha kuzoea. Ni kweli kwa sehemu. Wakatoliki hujipiga kifua katika Misa wanapoungama dhambi, nao wamefundishwa maana yake tangu utoto. Na mtu wa Unguja au Mombasa ameona pia Mashia wakijipiga vifua mwezi wa Muharram kwa ajili ya Huseni aliyeuawa Karbala mwaka 680, wala hadhani kwamba wanajitapa. Lakini mazoea hayo ni ya mahali na ya wakati wake. Mtu yule yule akitoka kanisani na kumwona jirani yake akijipiga kifua sokoni, hatafikiri kwamba jirani anatubu.

Wako wasemao kwamba ingefaa kubadili ishara yenyewe, na badala ya kifua kuandika kwamba aliuma kidole, kwa kuwa kwetu kuuma kidole ni alama ya majuto. Hatukubaliani nao. Kwanza, aumaye kidole kwetu mara nyingi hujutia faida iliyompita, si dhambi aliyoitenda. Pili, mtu yule alikuwa Myahudi hekaluni, wala si juu ya mfasiri kumvika mwili wa Mswahili. Wako wafasiri walioongeza neno la huzuni karibu na kile kifua, nasi twawasifu: neno moja limetosha kuuongoza mkono, na hadithi haikuharibika.

Si kila ishara yenye shida hii. Tamari, binti Daudi, baada ya kutendwa jeuri, atia mkono kichwani na kwenda zake akilia, katika 2 Samweli sura ya 13. Hapa mfasiri hana haja ya neno la ziada. Ni nani kwetu asiyejua mikono kichwani? Wazee humkemea mtoto akiiweka hivyo kwa kucheza tu, wakimwuliza amefiwa na nani. Wapitao mbele ya msalaba wakitikisa vichwa, katika Mathayo sura ya 27, wangeweza kudhaniwa kuwa wanasikitika, kwa maana kwetu mtikiso wa kichwa ni wa kukataa au wa huruma. Lakini matusi yao yametajwa papo hapo, na msikiaji hapotei.

Na yule mtoza ushuru mwenyewe, ishara yake nyingine, ya kutoinua macho, haikupotea hata kidogo. Wasikiaji wetu huielewa kuliko waelewavyo Wazungu wengi, maana mbele ya mkubwa macho huteremshwa. Jambo hili lawahusu walimu hasa. Vitabu vingi vya ualimu vilivyotungwa ng'ambo husifu kumtazama msemaji usoni, kuwa ndiyo dalili ya usikivu na ukweli. Mwalimu aliyelelewa kwa vitabu hivyo humwona mwanafunzi aliyeinamisha macho, akamdhania kuwa mkaidi au mwongo, na pengine akamwadhibu zaidi kwa ajili ya heshima ile ile aliyopewa. "Nitazame ninaposema nawe!" Mtoto hutii, akajifunza kukaza macho. Kisha jioni hurudi nyumbani, babu yake akamsemesha. Naye amtazamapo babu kama alivyofundishwa shuleni, huambiwa kwamba ana macho makavu.