Mtaji wa Nguo na Santuri

Msomaji, huenda ukauliza: je, ni haki mwanachuo alipiwe ada na posho ili akachunguze mavazi ya watu wanaocheza dansi usiku? Swali hilo si la mzaha, maana fedha za elimu hazitoshi kamwe. Lakini kabla ya kuhukumu, tukitazame kitabu kimoja kilichotokana na utafiti wa shahada ya udaktari juu ya mambo hayo: Club Cultures cha Sarah Thornton, kilichotolewa mwaka 1995.

Kati ya 1988 na 1992 mwandishi huyu, mzaliwa wa Kanada, alihudhuria madansi na kuingia vilabu vya usiku zaidi ya mara 200 nchini Uingereza. Wengine walikwenda kustarehe. Yeye alikwenda kazini. Aliona nini? Vijana waliodhani wameyakimbia madaraja ya jamii walikuwa wamejijengea madaraja mapya. Mkato wa nywele, vazi na santuri adimu vilikuwa kama fedha mfukoni: mlangoni mmoja alikaribishwa, mwingine akarudishwa. Mfaransa Pierre Bourdieu alikuwa amekwisha kueleza kwamba elimu na malezi huweza kuwa mtaji. Thornton akaonyesha kwamba hata kuujua mtindo mapema kuliko wengine ni mtaji. Tena magazeti, ambayo vijana hao waliyabeza, ndiyo yaliyosaidia kuwapa jina na umbo. Waliodharauliwa kuliko wote ni wasichana wa kawaida, waliochekwa eti hucheza wakiizunguka mikoba yao.

Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu, na hapo hapo ndipo penye upungufu wake. Mwandishi aifichua dharau hiyo kwa ujasiri, lakini wasichana wenyewe hatuwasikii vya kutosha. Nguo nayo, kitambaa chake na mshono wake, yapata nafasi ndogo kuliko santuri.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, utafiti wa namna hii wastahili gharama yake, kwa kuwa watufunza jambo lisiloonekana kwa macho ya haraka. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Vijana wale waliikimbia dharau ya wakubwa, kumbe wameivaa. Nawe msomaji, siku utakapomcheka mwenzako kwa viatu vyake, jiulize ni mlango gani unaoulinda, na ni nani aliyekupa ufunguo.