KUHIFADHI: NENO MOJA, DHANA MBILI

Miongoni mwa maneno yanayotumika sana katika tafsiri za programu za kompyuta ni kuhifadhi. Ni neno zuri, nalo limekwisha kukubalika. Hata hivyo yafaa tulihakiki, kwani katika usasishaji wa vifurushi vya programu kwenye mfumo wa Linux hubebeshwa dhana mbili zinazopingana.

Kifurushi huchukua programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, pamoja na mafaili ya usanidi, ambayo kwa kawaida hukaa katika saraka ya /etc. Programu ni kazi ya mtengenezaji; lakini faili la usanidi, likisharekebishwa na msimamizi wa seva, huwa pia ni kazi ya mikono yake. Basi toleo jipya linapokuja na faili lake, lipi libaki?

Mfumo wa RPM una majibu mawili. Tuchukue faili lililobadilishwa na msimamizi, na ambalo toleo jipya nalo limelibadilisha. Mtengenezaji akiwa amelitia alama ya config peke yake, faili la msimamizi huondolewa mahali pake na kupewa kiishio cha .rpmsave, na jipya hushika nafasi. Akiwa ameongeza neno noreplace, la msimamizi huendelea kutumika, na jipya huwekwa kando kwa kiishio cha .rpmnew.

Katika hali zote mbili hakuna kilichopotea. Kwa hiyo mfasiri aweza kusema kwamba faili "limehifadhiwa", wala asiwe amekosea kisarufi. Lakini matokeo hayalingani. Katika hali ya kwanza, seva ikianzishwa upya hufuata kanuni za mtengenezaji, na mlango ambao msimamizi aliufunga huenda ukawa wazi. Aliyesoma "limehifadhiwa" hatakuwa na sababu ya kwenda kutazama.

Dpkg ya Debian humwuliza msimamizi mwenyewe: herufi Y hukubali faili la mtengenezaji, N huliacha lililopo, na D huonyesha tofauti, asipochagua herufi, lililopo hubaki. Swali kama hilo likifasiriwa kwa kuhifadhi, msomaji aweza kudhani kwamba nakala itawekwa, kisha mabadiliko yaendelee.

Rai yetu ni kwamba dhana hizi zitenganishwe. Kubakiza kutumike pale faili la msimamizi linapoendelea kutumika. Kuweka akiba, pale linapoondolewa na kutunzwa kando. Kuhifadhi kubaki kwa mtumiaji anayetunza kazi yake mwenyewe. Huenda ikasemwa kwamba kubakiza kunakumbusha makombo ya chakula. Pingamizi hilo si zito, kwani kitenzi hicho kina maana ya kufanya kitu kibaki, nayo ndiyo tunayoihitaji hapa.

Istilahi haipimwi kwa utamu wake tu. Hupimwa pia kwa kumtazama aliyeisoma: je, ametenda lililokusudiwa?