Kutembea kwa Miguu Katavi: Mpangilio, Upepo na Saa

Mpanda milima wa Uswisi huongozwa na rangi. Kibao cha njano humwambia njia ni nyepesi. Akiona jiwe lililopakwa nyeupe, nyekundu na nyeupe, anajua ameingia njia ya mlimani na anahitaji viatu imara na moyo usioogopa kimo. Nyeupe, buluu na nyeupe ni kwa aliyezoea miamba na barafu. Nchi ile ndogo ina zaidi ya kilomita 60,000 za njia zilizowekwa alama, na mtu hutoka nyumbani asubuhi akazitembea peke yake hadi jioni.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, magharibi mwa Tanzania, hukuti vibao vya namna hiyo, na kukosekana kwake si uzembe. Mwamba wa Uswisi ulipo leo ndipo utakapokuwa kesho, kwa hiyo inawezekana kuupaka rangi ya onyo. Hatari ya Katavi ina miguu. Nyati aliyelala kwenye kichaka hiki leo, kesho atalala kingine. Njia iliyopitika Septemba, Februari imezama au imefunikwa na nyasi zinazompita mtu kimo. Ndiyo maana usalama hapa umewekwa ndani ya watu: askari wa wanyamapori, mwongozaji, na utaratibu wanaoufuata. Nataka kuuchambua utaratibu huo, maana wengi wanaouona kwa mbali hudhani ni bunduki tu.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974, baadaye ikaongezwa eneo hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Inakaa ndani ya Bonde la Rukwa, imebanwa na kuta mbili za bonde la ufa: Mlele upande wa mashariki na Lyamba lya Mfipa upande wa magharibi. Katikati kuna mto Katuma, mbuga za Katavi na Chada zinazojaa maji masika, na miombo isiyo na mwisho. Makao yake yako Sitalike, kama kilomita 35 kutoka Mpanda mjini. Hakuna anayeruhusiwa kutembea ndani kwa miguu bila askari mwenye silaha.

Tuanze na mstari. Watu hutembea mmoja nyuma ya mwingine, askari mbele, na hakuna anayempita. Mgeni huuchukulia mpangilio huo kama heshima ya kumtanguliza mwenyeji, lakini una kazi mbili nzito. Ya kwanza, watu sita walio kwenye mstari huonekana na mnyama kama kitu kimoja; wakitawanyika wanakuwa vitu sita vinavyomzunguka, naye huanza kutafuta pa kutokea, pengine kupitia katikati yao. Ya pili, askari anahitaji kujua bila kugeuka kwamba mbele yake hakuna mtu. Akilazimika kuinua bunduki, hana nafasi ya kuhesabu vichwa.

Kisha upepo. Askari hubeba majivu kidogo kwenye kitambaa, akayatikisa, akatazama vumbi linaelekea wapi. Ukiwa na upepo usoni, tembo hana habari nawe hadi umeshamwona na kuamua. Ukiwa nao mgongoni, harufu yako imefika kabla yako. Mara nyingi msafara huzunguka kwa nusu saa kufika mahali ambapo pangefikiwa kwa dakika kumi, na mgeni asiyeelezwa sababu hunung'unika. Aelezwe mapema. Anayejua kwa nini anazungushwa hutembea kwa utulivu, na utulivu wake ni sehemu ya usalama wa wenzake.

Somo gumu kuliko yote Katavi ni kiboko. Kiangazi kinapokaza, Katuma hukatika na kubaki madimbwi, na viboko hujazana humo hadi mamia, migongo ikigusana, madume yakipigana usiku na mchana. Usiku hutoka kwenda kula majani, na kila kundi lina njia zake kutoka majini. Inama uitazame njia moja kwa makini. Ina mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na katikati pameachwa tuta la nyasi, kwa sababu kiboko ana tumbo pana na miguu ya kulia na ya kushoto imeachana; ukiangalia haraka utadhani ni njia ya mkokoteni. Vichaka vya kando vimerushiwa kinyesi kwa mkia, kikiwa kimekauka au kibichi. Kikiwa kibichi, askari husimama. Anayetoka kula alfajiri anarudi majini kwa njia ileile, na akimkuta mtu baina yake na maji hatafuti njia nyingine. Kwa mbio fupi hufikia karibu kilomita 30 kwa saa, kasi ambayo mtu wa kawaida mwenye viatu vya safari haifikii.

Ndipo saa inapoingia. Matembezi huanza jua likishachomoza, viboko wengi wakiwa wamerudi majini, na hukatishwa kabla joto halijawa kali. Ukianza mapema mno unakutana nao njiani. Ukichelewa, nyati wamekwisha kuingia kwenye vivuli vya vichaka unavyotaka kupita, na kinachobaki kukuonya ni mlio wa ndege wadogo wanaowadonoa kupe mgongoni. Miezi ya Septemba na Oktoba hata ratiba hii hulegea, kwa kuwa njaa huwatoa viboko mchana. Askari mzuri anajua hilo, naye hufupisha njia.

Kuhusu mbung'o nitasema kwa ufupi: wapo, wanauma, na ugonjwa wa malale haujawa historia huku magharibi. Wanavutwa na nguo za buluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Vaa kaki.

Jirani wa Katavi ni Mahale, hifadhi ya kilomita za mraba 1,613 iliyoanzishwa mwaka 1985, ambayo kutoka Mpanda unaweza kuiendea kwa kushuka Karema na kupanda boti. Huko kwa sokwe hakuna barabara. Ni miguu tu. Njia nyingi zilifunguliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto chini ya Toshisada Nishida, walioanza kazi mwaka 1965, pamoja na Watongwe waliolijua pori lile tangu utotoni. Mwanzoni sokwe walizoeshwa watu kwa kuwekewa miwa, desturi iliyoachwa kabisa mwaka 1987.

Mahale imegeuza swali la usalama. Katavi tunauliza mnyama atamfanya nini mtu. Mahale tunauliza pia mtu atamfanya nini mnyama. Kati ya mwaka 2003 na 2006 sokwe wa kundi moja, liitwalo M, walikumbwa na milipuko ya ugonjwa wa njia ya hewa, baadhi wakafa, na uchunguzi ulikuta virusi vyenye asili ya binadamu. Sokwe ana udugu wa karibu nasi, lakini mwili wake haujazoea mafua yetu. Kwa hiyo wafuatiliaji hutangulia asubuhi kutafuta kundi lilipo, hutoa taarifa kwa redio ya upepo, ndipo wageni wasiozidi sita hupandishwa. Wakikaribia wanavaa barakoa. Wanakaa umbali wa mita 10, kwa saa moja tu, na mwenye kikohozi habanduki kambini. Sokwe wakija kwa njia, watu ndio hutoka njiani, wote upande mmoja, wakawaachia nafasi. Sioni mahali pengine nchini ambapo kanuni ya njia imefikiriwa kwa makini kiasi hiki.

Juu ya misitu hiyo kuna Nkungwe, mlima mtakatifu wa Watongwe, wenye mita 2,462. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo anayeanzia ufukweni anapanda karibu mita 1,700 kwenye mteremko mkali. Hewa haimsumbui, kwa kuwa ugonjwa wa kimo huanza kuonekana kama mita 2,500 kwenda juu. Kinachomsumbua ni joto, utelezi na umbali wa msaada, maana mtu akivunjika mguu hubebwa hadi majini na kusubiri boti.

Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ina hatari za namna nyingine, lakini funzo la saa ni lilelile. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa, ikafunguliwa tena Desemba 2007, na tangu hapo wanaoipanda huondoka usiku, ili wapite sehemu ya hatari kabla jua halijayeyusha barafu inayoyashika mawe. Mlima haukubadilishwa, walichobadilisha watu ni saa ya kupita.

Kinachonitia wasiwasi kipo nje ya haya yote. Sitalike, pembeni ya daraja la Katuma, viboko wanaonekana bure kabisa, hatua chache kutoka kijijini. Watu wa Mpanda hushuka hapo na familia, na barabara ya kwenda Sumbawanga inapita hapohapo, hivyo wasafiri nao husimama kupiga picha. Hakuna mstari pale. Hakuna anayetazama upepo wala saa. Watoto husogea hadi ukingoni, mara nyingi magharibi, saa ileile ambayo viboko hujiandaa kutoka. Mtalii aliyelipia analindwa na utaratibu wote niliouchambua, na mwana wa Katavi aliyekuja kumwonyesha mtoto wake mnyama wa nyumbani kwao halindwi na chochote.

Gharama ya kurekebisha ni ndogo. Awepo askari mmoja wa zamu jioni za mwisho wa wiki. Uwekwe uzio mfupi wa magogo kwenye ukingo wenye njia za viboko, na sehemu moja iliyoinuliwa ya kutazamia. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, kitaje saa ya kuondoka ukingoni: saa kumi na moja jioni. Kisha shule za Mpanda na Nsimbo zinazoleta wanafunzi zipewe nusu saa ya maelezo ya askari kabla mtoto yeyote hajashuka kwenye gari, ikiwa ni pamoja na kuonyeshwa ile mifereji miwili na tuta la nyasi katikati, ili akiikuta siku nyingine karibu na shamba la babake ajue ameikuta njia ya nani.