Vijana wa Nairobi wa 1921

Chama cha Vijana wa Kikuyu kilianzishwa Nairobi mwaka 1921, walowezi wakipunguza mishahara na kila mwanamume Mwafrika akilazimishwa kubeba kipande, hati ya utambulisho wa mfanyakazi. Vilima vya magharibi vya mji vilikuwa makazi ya Wazungu. Waafrika walipelekwa mashariki, Pumwani. Kiongozi wa chama, Harry Thuku, kijana asiyefika miaka thelathini, alikuwa mfanyakazi wa simu serikalini.

Sifa kubwa ya vijana hao ni kukataa kujifungia katika kabila. Mwaka huohuo waliunda Chama cha Afrika Mashariki, wakawapokea Waafrika wa jamii nyingine na kushirikiana na mwanahabari Mhindi, Manilal Desai. Katika mji uliogawanywa kwa rangi, huo ulikuwa ujasiri wa hali ya juu.

Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika kudai aachiliwe, nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Polisi walifyatua risasi, naye akauawa. Serikali ilikiri vifo 21. Thuku alihamishiwa Kismayu, na mwaka 1924 chama cha Kikuyu Central Association (KCA) kikaanzishwa kuendeleza madai ya vijana hao.