Kivumishi "incarnadine": Asili, Maana na Changamoto ya Tafsiri

Kivumishi cha Kiingereza "incarnadine" hakisikiki katika mazungumzo ya kila siku. Makazi yake ni fasihi. Kiliingia katika lugha hiyo mwishoni mwa karne ya 16 kupitia Kifaransa, kutoka Kiitaliano, na mzizi wake ni neno la Kilatini "caro", yaani nyama au mwili. Kwa asili hiyo, kilitaja wekundu uliofifia, kama wa ngozi ya Mzungu.

Shakespeare ndiye aliyekipa maana ya pili. Katika Macbeth, tendo la 2, onyesho la 2, neno hilo linatumika kama kitenzi: muuaji anatambua kwamba bahari haitaisafisha mikono yake, bali mikono hiyo ndiyo itakayoibadili bahari rangi. Tangu hapo kivumishi kimebeba pia maana ya wekundu wa damu. Hata hivyo, maana ya awali haikufa. Edward FitzGerald, katika Rubaiyat ya Omar Khayyam (1859), alikitumia kitenzi hichohicho kwa shavu la ua la waridi. Hapo pana mvinyo na uhai, si mauaji.

Kwa hiyo, etimolojia peke yake haitoshi kumwongoza mfasiri. Anayeshikilia mzizi ataandika "rangi ya nyama", na msomaji wa Kiswahili atafikiria bucha. Kilatini kinabeba nyama na mwili katika neno moja; Kiswahili kinavitenga. Ndiyo maana istilahi ya kidini yenye mzizi huohuo ikawa "Umwilisho", kutokana na mwili.

Kivumishi "-ekundu" nacho hakiondoi tatizo. Shakespeare analifuatisha neno hilo zito kwa maneno mafupi ya kawaida yanayolifafanua, likiwamo la wekundu wenyewe. Mfasiri akiutumia wekundu mapema, ufafanuzi huo unageuka marudio matupu. Afadhali bahari "itiwe damu" kwanza, ndipo iwe nyekundu. Lakini damu hiyo ikipelekwa kwa FitzGerald, italiharibu waridi; huko "kuiva" kwa shavu kunatosha.

Inadhihirika kwamba kidahizo kimoja kinadai visawe viwili, na kinachoamua ni muktadha. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayotoa kisawe kimoja tu cha neno hili itakuwa imempotosha mfasiri wa mojawapo ya matini hizi mbili.