Toleo Lisilotoka: Uhuru wa Wanachuoni na Elimu ya Wapalestina

Uhuru wa wanachuoni haujulikani katika mambo yasiyomgusa mtu. Hujulikana katika jambo linalowatia hofu wenye chuo. Kwa kipimo hicho yafaa kutazama yaliyolifika jarida la Harvard Educational Review, huko Marekani, mwaka 2025. Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1930 kwa jina jingine, na huhaririwa na wanafunzi wa shahada ya udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wahariri walikuwa wametayarisha toleo maalumu juu ya elimu na Palestina, litoke katika kiangazi cha mwaka huo. Mwezi wa Juni shirika la uchapishaji la chuo likalifuta toleo zima.

Haja ya toleo hilo ilikuwa dhahiri. Chuo Kikuu cha Birzeit, katika Ukingo wa Magharibi, kilifungwa kwa amri ya jeshi la Israeli tangu 1988 hata 1992, ikawa masomo yaendeshwa majumbani. Huko Gaza, Chuo Kikuu cha Israa kilibomolewa na jeshi hilo kwa baruti mwezi wa Januari 2024. Aprili mwaka huo huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya shule za Gaza zimeharibiwa au kubomolewa, na wanafunzi zaidi ya 600,000 hawana masomo. Jarida la elimu lisipouliza habari za shule zilizovunjwa, litauliza habari gani?

Tena kazi ilikuwa imefika mbali. Waandishi walikwisha kutia saini mikataba, na makala zilikwisha kupita mikononi mwa wahariri. Hapo ndipo mchapishaji alipotaka makala zote zikaguliwe na wanasheria ili zipimwe hatari zake. Waandishi walipinga sharti hilo kwa barua ya pamoja, na haukupita muda mrefu toleo likafutwa. Mchapishaji alikana kwamba huo ni udhibiti wa fikra. Alisema makala hazikuwa tayari kupigwa chapa, uhakiki wake haukutosha, na wahusika hawakuwa na mwafaka.

Sababu hizo zastahili kupimwa kwa insafu. Mchapishaji anayo haki ya kukataa kazi mbovu, na jarida lisilokataa chochote halina heshima. Lakini kazi mbovu hurudishwa moja moja, kila mwandishi akaonyeshwa mahali alipopungukiwa. Haifutwi mada pamoja na wote walioiandikia. Na kama usahihishaji haujakamilika, dawa yake ni kuahirisha. Ama mwanasheria, kazi yake si kupima kama hoja ni ya kweli, bali kama itamtia hasarani mteja wake. Vipimo hivyo ni mbalimbali, na chuo kikiweka cha pili mahali pa cha kwanza, kimekwisha kubadili maana ya uhakiki.

Jarida lenyewe lina ushahidi katika historia yake. Mwaka 1969 lilichapa makala ndefu ya Arthur Jensen, iliyodai kwamba tofauti za alama za akili baina ya weusi na weupe huenda zatokana kwa sehemu na urithi wa damu. Makala hiyo ilichoma nyoyo za wengi, ikatumiwa na wabaguzi. Hata hivyo jarida halikuogopa kuitoa. Likatoa pia majibu ya wataalamu walioipinga kwa takwimu na hoja. Hivyo ndivyo elimu ijiteteavyo: neno hujibiwa kwa neno. Mwenye kuona kwamba makala za Palestina zina makosa angaliweza kuyafichua kwa njia hiyo hiyo. Kwa kufutwa toleo, hata mpinzani amenyimwa cha kupinga.

Jambo moja zaidi lazidisha uzito. Aprili 2025 Serikali ya Marekani ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za Harvard, na chuo kikaishtaki, kikidai kwamba haina haki ya kuingilia wanachuoni wake. Septemba mwaka huo mahakama ya Boston ikakipa chuo haki. Dai hilo lilikuwa la kweli na ushindi ulikuwa wa halali. Lakini katika miezi hiyo hiyo ambamo chuo kilisimama mbele ya hakimu kutetea uhuru, shirika lake lenyewe lilifuta toleo ambalo hakuna mahakama iliyolikataza. Kikulacho ki nguoni mwako. Amri ya serikali hushtakiwa, maana ina jina na tarehe. Hofu ya ndani haina wa kushtakiwa.

Hasara yake haiwi ya waandishi peke yao. Mwalimu kijana aliyetaka kuchunguza shule za Gaza ataona lililowapata waliomtangulia, naye atachagua mada nyingine. Hatakatazwa na mtu, wala makala yake haitahesabiwa miongoni mwa zilizofutwa, kwa kuwa haitaandikwa kamwe.